Tusimzike Mwalimu na Hesabu Zake

Wanafunzi wenzangu mliopita mikononi mwa Mwalimu wetu, popote mlipo, Karatu mjini, Rhotia, Mang'ola, Endulen hadi Loliondo: tumeshazika. Wasifu umesomwa, rambirambi zimepokelewa, fulana zenye picha yake zimefuliwa na kukunjwa. Grupu la WhatsApp lililokuwa likilia usiku kucha limeanza kurudia salamu za asubuhi. Ndiyo maana naandika sasa, kabla hatujatawanyika. Mwalimu wa Hisabati akifa, kuna kitu kinachoweza kuingia naye kaburini, na wa kukizuia ni sisi.

Mnakumbuka alivyochora duara. Bikari ya ubaoni haikuwepo, basi alifunga chaki kwenye kamba ya katani, akakandamiza ncha moja kwa kidole gumba, akazungusha mkono mara moja, na duara likajifunga bila kuruka. Kisha akatuonyesha dirishani, upande wa mlimani iliko kreta, akatupa kipenyo: tuseme kilomita 18. Nusu yake 9. Tisa mara tisa, 81. Zidisha kwa 22 juu ya 7. Tukapata karibu kilomita za mraba 255, na waongoza watalii huwaambia wageni kwamba sakafu ya Kreta ya Ngorongoro ni kama kilomita za mraba 260! Tulikuwa kidato cha kwanza, wengi wetu hatujawahi kuvuka geti la Lodoare, na tumeipima kreta kwa kamba na chaki. Siku ile hofu ilianza kututoka.

Hofu ndiyo ugonjwa wenyewe. Hisabati ni somo la lazima kidato cha nne, na ukipata alama 30 kati ya 100 umefaulu. Hata hivyo, mwaka 2023 waliofaulu walikuwa kama robo tu ya watahiniwa nchi nzima. Msiniambie kwamba robo tatu ya watoto wa Tanzania hawana akili, sikubali. Mtoto ametoka darasa la saba na MAGAZIJUTO yake kichwani, anafika sekondari anakuta kila kitu ni Kiingereza, mwalimu mmoja anagombaniwa na mikondo mitatu, akikosea ubaoni anachekwa. Anafunga daftari, na halifungui tena.

Kwa Mwalimu wetu hakuna aliyechekwa. Alisahihisha mstari kwa mstari, na kama jibu ni bovu lakini njia ni nzuri, ulipata maksi za njia. Jibu sahihi lisilo na njia aliliwekea alama ya kuuliza.

Na hesabu zake hazikuishia darasani. Nendeni Mang'ola wakati wa mavuno ya vitunguu. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anashindilia lumbesa mpaka kilo 130. Kwa kila magunia kumi, mkulima ametoa matatu bure. Hayo matatu ni sare za watoto, ni madaftari, ni bati za nyumba. Mkulima anayeipiga hesabu hiyo kichwani, pale pale shambani, haibiwi kirahisi, na baadhi ya wakulima hao walikaa madawati ya mbele kwa Mwalimu.

Basi nyanyukeni! Ninyi waongoza watalii, Aprili na Mei mvua zikikaza magari yameegeshwa na nyumbani mpo. Saa mbili kwa juma, darasa moja, shule iliyo karibu nawe: kaonane na mkuu wa shule umwombe nafasi. Wahasibu na wahandisi mlioko Arusha na Dodoma, mnakuja Desemba kila mwaka. Kabla ya nyama choma, kaeni na watoto wa kidato cha pili. Na fedha iliyobaki kwenye mchango wa msiba isiliwe kwenye kikao cha kuvunja kamati. Inunue mikebe ya hisabati na vitabu vya foa figa.

Najua wapo watakaosema hawakusomea ualimu. Kwa mtoto wa darasa la tano, anayejua sehemu na asilimia anatosha. Nanyi mliopata F, msijifiche nyuma. Mwalimu aliwapenda, aliwabakiza jioni, na aliwasalimu kwa majina miaka yote baadaye pale stendi. Ninyi mnajua hasa ni mstari gani mtu hupotelea, maana mlipotelea hapo. Mtoto anayekwama anamhitaji mtu wa namna hiyo kuliko bingwa anayeruka hatua tatu kwa mkupuo.

Msingoje kamati iundwe wala maadhimisho ya mwaka mmoja. Anza jioni hii na mtoto wa jirani. Mwulize KDS ya 12 na 18. Akinyamaza, vuta kigoda, mpe kalamu, mwambie aandike njia.