Mkono Nao Hujua

Vyuo vikuu vinapofundisha sanaa, mara nyingi huwatenga wanafunzi: hawa wanachora, wanachonga na kufinyanga katika karakana, wale wanasoma darasani historia ya vilivyochorwa na kuchongwa. Nyuma ya utengano huo imejificha imani kwamba kutenda ni jambo moja na kujua ni jingine, na kwamba maarifa ya kweli hukaa katika maneno. Imani hiyo ina kasoro, na ushahidi wake umelala ardhini katika Bonde la Ufa, baina ya Longonot na Nakuru.

Ng'ambo ya Mlima Longonot, upande wa Olkaria na Eburru, volkano ziliacha obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa na kukata kuliko wembe. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920, na humo yamo mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa jiwe hilo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Katika zama za baadaye, obsidiani ya bonde hili ilifika hadi kaskazini mwa Tanzania, zaidi ya kilomita 200. Waliochonga mashoka ya Kariandusi hawakutuachia hata neno moja. Hata hivyo tunaweza kuufuata mpangilio wa kazi yao, kwa sababu kila gamba la jiwe linapobanduka huacha kovu, na kovu linalokata jingine ni la baadaye. Kusoma makovu hayo kunahitaji mtu aliyewahi kupasua jiwe, na Leakey mwenyewe alijifunza kutengeneza zana hizo na kuchuna nyama kwazo. Anayepiga jiwe hugundua kwamba ukingo lazima uandaliwe kabla ya pigo, kwamba pigo baya halifutiki, na kwamba ulinganifu wa pande mbili za shoka hauji kwa bahati. Ulinganifu ule ulikuwa uamuzi. Mwenye kulitambua hilo ameshaanza kufanya historia ya sanaa.

Mtu atapinga: mlaji hujua pilau imeungua bila kuwa mpishi, kwa nini basi mwanahistoria achafue mikono? Kweli, kazi iliyokamilika inaweza kuhukumiwa na asiyeitengeneza. Lakini historia huuliza zaidi ya hapo. Huuliza kwa nini mchongaji alichagua hivi na si vile, na ile njia iliyoachwa haionekani kwa asiyejua jiwe au udongo uliruhusu nini. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mkono wa leo si mkono wa kale, hivyo unaweza kutudanganya. Unaweza, kama hati zinavyoweza. Ila dhana ya mkono hupimika: nikifuata mpangilio nilioudhania na makovu yakatoka tofauti na yale ya Kariandusi, jiwe limenikanusha.

Wasanii nao wana hofu yao, kwamba historia huua ubunifu. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937, hakutaka wanafunzi wake waelemewe na mifano ya Ulaya. Aliwahimiza wachote katika hadithi na maisha ya kwao. Katika shule yake ya sanaa walipita wasanii Gregory Maloba, Sam Ntiro na Elimo Njau. Cecil Todd, aliyemrithi Trowell mwishoni mwa miaka ya 1950, aliipa historia ya sanaa ya dunia nafasi kubwa. Naona hofu ya Trowell ilikuwa na msingi wakati ule wa ukoloni, maana historia iliyokuwa mezani ilikuwa ya bara moja. Dawa yake ni historia iliyo pana zaidi, yenye Kariandusi ndani. Mfano ni mfinyanzi Magdalene Odundo: aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alisoma Uingereza, akajifunza kwa wafinyanzi wa Abuja, Nigeria, na kuwatazama wa New Mexico, Marekani. Vyungu vyake hujengwa kwa mkono bila gurudumu na kusuguliwa hadi ving'ae. Historia ya mabara matatu imo humo, na hakuna awezaye kuviita nakala.

Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya sanaa apewe jiwe na udongo tangu muhula wa kwanza, na wa uchongaji apelekwe Kariandusi kabla ya kuonyeshwa picha za Florence. Mahali penyewe hapafichiki: ni makumbusho ya taifa, kandokando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru.