Bima ya Nyumba ya Biashara: Ni Amana au Ni Chumo?



Mtu hukodi duka katika nyumba ya ghorofa mjini Mombasa. Kila mwaka huletewa hesabu na mwenye nyumba: kodi kadha, ulinzi kadha, bima ya jengo kadha. Naye hulipa. Shirika la bima halijui, hati ya bima hajaiona, na kiasi kilicholipwa hasa hakijui. Akiuliza hujibiwa: "Nyumba ni yangu na bima ni yangu, wewe lipa." Je, jawabu hili ni la haki?

Hapana shaka kwamba nyumba ni ya mwenyewe. Wala hapana ubaya kuikatia bima moja, kwani jengo la wapangaji kumi likikatiwa bima kumi huleta mzozo tu. Wala si dhuluma wapangaji kuchangia gharama hiyo, ikiwa mkataba umesema hivyo. Shauri letu ni juu ya fedha zenyewe. Fedha alizopewa mtu ili azifanyie jambo maalumu si chumo lake. Ni amana mkononi mwake. Na mwenye kushika amana hii yamlazimu mambo matatu.

La kwanza, azifikishe zinakotakiwa. Sheria ya Bima ya Kenya hairuhusu shirika kubeba hatari kabla malipo hayajapokewa au kudhaminiwa. Basi akizikusanya kisha akazizungusha katika shughuli zake, wapangaji hulala wakidhani wana kinga, na kinga hawana.

La pili, akate bima ya kutosha. Tuseme kulijenga jengo upya kwahitaji shilingi milioni 40, naye amelikatia bima ya milioni 20. Moto ukiteketeza sehemu ya milioni 10, shirika, kwa masharti ya kawaida ya bima hizi, litatoa milioni 5 tu, kwa kuwa lilibeba nusu ya hatari. Nusu ya pili itatoka wapi? Na mpangaji atakaa nje siku ngapi akingoja?

La tatu, asijifichie faida. Shirika au wakala akimrudishia sehemu ya malipo, sehemu hiyo ilitoka katika mifuko ya wapangaji. Kuwatoza kiasi kizima na kulinyamazia punguzo ni kuwadai gharama isiyokuwapo.

Huenda mtu akasema: "Mpangaji alitia sahihi kwa hiari yake." Kweli, lakini ridhaa juu ya jambo lililofichwa ni ridhaa pungufu. Na mfanya biashara ambaye wateja wamekwisha uzoea mlango wake hana wepesi wa kuhama.

Sheria nazo zimekiri kwamba mwenye kuchangia ana fungu lake. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Mark Rowlands na Berni Inns, iliamua kwamba mpangaji aliyechangia bima ya jengo hawezi kudaiwa hasara ya moto kwa ajili ya shirika la bima, hata kama moto ulitokana na uzembe wake, maana bima ile ilikuwa kwa manfaa yake pia. Na hapa Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yatia katika mikataba ya kukodi sharti hili: jengo likiharibika kwa moto au mafuriko pasipo kosa la mpangaji hata lisifae kutumiwa, kodi na michango husimama mpaka litengenezwe, na miezi 6 ikipita bila kutengenezwa, mpangaji aweza kuuvunja mkataba kwa ilani ya mwezi 1.

Lakini mpangaji naye ana wajibu. Na ausome mkataba kabla ya kutia sahihi, na atake iandikwe humo kwamba kila mwaka ataonyeshwa hati ya bima na stakabadhi ya malipo, na kwamba fidia itajengea jengo. Asiweke dukani petroli wala kitu cha hatari kinachoweza kuibatilisha bima ya wote. Tena ajue kwamba bima ya jengo haikingi bidhaa zake. Hizo ni juu yake mwenyewe.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye nyumba aliye mwaminifu haoni uzito kuifungua hesabu yake. Na anayekasirika kwa kuulizwa, na aiulize nafsi yake kinachomkasirisha.