Dhahabu ya Kilwa Mbele ya Sakramenti Kuu

Wanafunzi wa jumuiya yetu walipopanga kwenda Lisbon mwisho wa juma, orodha yao ilikuwa ya kila kijana aliyebahatika kupata tiketi ya ndege ya bei nafuu: tramu namba 28, mnara wa Belém, zile keki ndogo za mayai zinazoliwa zingali moto, na picha kando ya mto Tejo pale unapopanuka kuelekea baharini. Wengine walitaka kukanyaga Parque Tejo, ambako Agosti 2023 vijana wa dunia nzima walikesha wakisali pamoja na Papa Fransisko. Sina ugomvi na orodha hiyo, na keki nilizila. Niliomba tu nipewe Jumamosi asubuhi, nikawapeleka mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, tukaangalie chombo kimoja.

Ni monstransi ya dhahabu, imenakshiwa kwa rangi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuwekea Hostia, njiwa mweupe yuko juu yao, na kileleni ameketi Mungu Baba. Inaaminika kuwa ni kazi ya sonara Gil Vicente, na ilikamilika mwaka 1506. Kwenye kitako pana maandishi ya Kireno cha zamani yanayoeleza kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Kilwa hiyo ni ya kwetu, Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Binti mmoja wa huko huko Lindi alisogea mpaka mlinzi akamtazama vibaya. Kisha akanigeukia: "Padre, hii tuisujudie au tuidai?"

Kabla ya kumjibu ilibidi niwakumbushe wenzake habari yenyewe. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa, merikebu zake zikiwa na mizinga. Mtawala wa mji, Amir Ibrahim, alitishwa mpaka akakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya utii. Kiasi kinachotajwa ni mithqali 1,500 za dhahabu. Mwaka uliofuata dhahabu hiyo ikafika Lisbon. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi, Kilwa ikaporwa na ngome ikajengwa. Mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto. Kwa hiyo sonara alipokuwa akimalizia vidole vya mitume wale, mji ulioitoa dhahabu ulikuwa umekwisha kuvunjwa. Na ngome yenyewe Wareno waliihama mwaka 1512. Tusisahau pia kwamba walionyang'anywa walikuwa Waislamu, wenye Msikiti Mkuu ambao magofu yake mtalii anayaona hadi leo. Mali yao ikawa kiti cha kumwekea Bwana wetu, wao wasiulizwe.

Tulitoka tukakaa kwenye bustani iliyo jirani, juu ya bandari, vijana wakabishana vizuri kuliko nilivyotarajia. Mmoja, anayesoma uchumi, alisema Kilwa nao hawakuichimba ile dhahabu. Ilitoka bara, nyanda za Zimbabwe, ikapitia Sofala, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa ushuru wake. Kama ni kudai, akasema, foleni ni ndefu. Binti wa Lindi akamjibu kwamba urefu wa foleni haumfanyi wa mwisho kuwa mwenye mali. Niliwaacha waendelee.

Jibu langu lilikuwa hili. Kristo aliyewekwa katikati ya dhahabu ile hakuchafuliwa nayo, na aliyemwabudu pale hakukosea. Lakini dhahabu nayo haikutakaswa kwa kukaa karibu naye. Wapo Wakristo wanaodhani altare inafuta historia ya kitu kilicholetwa juu yake. Maandiko hayasemi hivyo. Daudi alipopewa bure uwanja wa kupuria na ng'ombe wa kuteketeza, alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akalipa (2 Samweli 24). Yoshua bin Sira, sura ya 34, ni mkali zaidi: anayetoa sadaka kwa mali ya maskini anamfananisha na mtu anayemuua mtoto mbele ya macho ya baba yake.

Sura hiyo imewahi kumpindua padre. Miaka minane baada ya monstransi kukamilika, mwaka 1514, Bartolomé de las Casas alikuwa Kuba, ana ardhi na wenyeji wanaomlimia kwa lazima. Alikuwa akiandaa mahubiri ya Pentekoste akakutana na maneno yale ya Sira. Aliwaachilia watu wake, akaanza kuhubiri dhidi ya dhuluma ya Wahispania wenzake. Naye huyo huyo alipendekeza waletwe watumwa Waafrika kuwapunguzia wenyeji mzigo, jambo alilolijutia sana baadaye. Toba huanza na jicho moja.

Jumapili tulisali kanisa la São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio. Liliungua mwaka 1959, na nguzo zake zimeachwa na makovu ya moto. Hapo ndipo, Aprili 1506, mwaka ule ule wa monstransi, ghasia zilipoanza dhidi ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Katika siku chache waliuawa watu wanaokadiriwa kufika 2,000 au zaidi. Nje kuna jiwe la kumbukumbu, lililowekwa mwaka 2008. Sikuhitaji kuwaambia vijana waunganishe mambo. Walisimama pale muda mrefu kuliko Belém.

Msidhani haya ni ya Wareno wa zamani tu. Katiba za Mitume, kitabu cha karne ya 4, zinawaonya maaskofu wasipokee sadaka za wadhulumaji, hata kama wajane watakosa chakula. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe shilingi milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alizitoa katika kanisa la Soweto, Kayole. Sisemi fedha zile zilikuwa za dhuluma. Hoja ya askofu ilikuwa kwamba kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Wapo waliomlaumu: kwaya imekosa, nyumba ya padre imekosa. Naona alifanya sawa, na naona pia kwamba ni rahisi kwangu kusema, maana paa linalovuja si langu.

Letu lipo, hata hivyo. Halmashauri ya jumuiya inakutana Ijumaa kupanga harambee ya kuezeka kigango kule nyumbani, na tayari yupo mfadhili aliyeahidi kumaliza mabati yote peke yake, mradi asiulizwe kitu. Nimeomba ajenda ya kwanza iwe Sira 34, kabla ya daftari la ahadi kufunguliwa. Binti wa Lindi amekubali kuisoma.