Jina Lililobaki

Nyerere aliacha kufundisha Pugu, skuli ya Wakatoliki, mwaka 1955. Mshahara ukakatika, jina la Mwalimu likabaki.

Mimi namkumbuka mwalimu wangu wa hesabu, Wete. Msimu wa karafuu wasichana tulikuwa hatwendi skuli, basi jioni akija kwetu, anakaa jamvini, anachambua karafuu nasi huku akitusomesha. Hakuna aliyemlipa.

Sote tunamsifu. Lakini je, naweza kumsifu bila kumfuata? Nami sasa nasomesha, na saa nane mchana nishashika njia ya nyumbani. Najitetea kwamba wajibu una mipaka, na kweli unayo. Ila jana mwanafunzi wangu mmoja, vidole vikimnukia karafuu, aliniuliza kama nitapita kwao. Sijamjibu.