Kichefuchefu cha Bahari na cha Milima

Kabla ya mwaka 1914, msafiri aliyetoka Ujerumani kwenda Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, aliweza kupanda meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1890, akapita Mfereji wa Suez hadi Tanga, kisha, baada ya reli kufika Mombo mwaka 1905, akapanda treni na kumalizia mlimani. Abiria mzoefu, wa zama hizo au wa sasa, huchagua chumba cha katikati ya meli, karibu na usawa wa maji, kwa kuwa ncha za chombo ndizo zinazopanda na kushuka zaidi. Kichefuchefu cha bahari husababishwa na sikio la ndani, linalolinda msawazo wa mwili, kuhisi mwendo ambao macho yaliyofungiwa chumbani hayauoni. Kwa hiyo kutazama upeo, yaani mstari ambapo mbingu hukutana na maji, husaidia kuliko kusoma kitabu. Msambaa anayeshuka kwa basi kona za Lushoto hadi Mombo anaufahamu mgogoro huo wa sikio na macho hata kama hajawahi kuiona bahari, na huenda akaivumilia boti ya Unguja wakati wa upepo wa kusi vizuri kuliko mtu wa tambarare, mradi asikae mbele kabisa wala asipande akiwa ameshiba pilau.