Miti Ilipotafuta Mfalme



Katika Waamuzi sura ya 9 twasoma habari ya miti iliyotafuta mfalme. Mzeituni ulikataa, mtini ukakataa, mzabibu nao vilevile. Kila mmoja ulitaja kazi yake. Mwisho wakaendewa miiba.

Sisi wa Kibiti na delta ya Rufiji twaielewa habari hii. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji waliuawa huku kwetu. Tangu hapo baadhi yetu tukiombwa kugombea twasema, "Tuna mashamba, tuna nyavu." Twaogopa, na woga huo si dhambi. Lakini kiti hakikai kitupu. Muhuri wa kijiji, ardhi na mapato vitashikwa na mtu.

Basi uchaguzi wa vijiji ukija tena, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, tusitazame nani amegawa kanga na sukari. Tuulize: Je, anamcha Mungu? Nyumbani kwake kuna amani? Atasoma mapato na matumizi mbele ya mkutano? Jirani Mwislamu mwaminifu ni bora kuliko Mkristo mla rushwa.

Na tukiombwa sisi wenyewe, tusikimbie. Wanaokubali tuwaombee kwa majina yao kila Jumapili. Amina.