Gigabaiti Moja Inatosha kwa Nini?

Mwaka 1987 mwanafalsafa Harry Frankfurt aliandika kwamba kinachodaiwa na maadili si watu wote kuwa na kiasi sawa, bali kila mtu kuwa na cha kutosha. Nilipoisoma hoja hiyo darasani Dar es Salaam niliipenda mara moja. Halafu nikarudi likizo Biharamulo, nikashinda wiki tatu kwenye kibanda cha binamu yangu, fundi wa kompyuta, na neno "kutosha" likaanza kunisumbua.

Kazi kubwa pale ni kupiga Windows. Mteja analeta laptopu iliyochoka, fundi anachomeka flashi, na jioni mteja anaondoka na Windows ambayo hakuna aliyeilipia. Hakuna anayeuita wizi. Ila siku hizi ziko mashine zisizopigika tena. Windows 11 inadai angalau gigabaiti 4 za RAM, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa kawaida ni ya 2017 au baada ya hapo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine inawaka, kibodi nzima, kioo safi, lakini huko ilikotengenezewa programu yake imeshaandikiwa cheti cha kifo.

Kwa mashine kama hizo binamu yangu anaweka Linux, hasa antiX, iliyojengwa juu ya Debian kwa ajili ya kompyuta za zamani. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Ngara alileta laptopu ya gigabaiti 1 ya RAM. RAM ni kama meza ya jikoni na diski ni kabati. Meza ikijaa, mpishi anaanza kukimbia kabatini kila dakika, na hapo ndipo mashine inapoganda huku taa ya diski ikipepesa. Linux haiongezi ukubwa wa meza. Inachofanya ni kukuruhusu uondoe usichokihitaji: madoido ya kioo, programu zinazojiwasha zenyewe, huduma za kichapishi ambacho humiliki. Kuna pia ujanja uitwao zram, unaobana vilivyo mezani vikae katika nafasi ndogo kabla ya kupelekwa kabatini. Prosesa inatoka jasho zaidi, lakini kazi inasonga.

Mwalimu akaandika mtihani kwa LibreOffice, akajumlisha alama za darasa, akafungua Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix bila intaneti. Kwa mtu anayeishi kwenye miji iliyotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, kitu kinachofanya kazi bila mtandao na kutunza chaji si kidogo. Kisha akafungua tovuti moja ya habari, na mashine ikaganda. Akanigeukia: "Mwanangu, shule yetu imeahidiwa kumi na mbili kama hii. Ndizo za kufundishia watoto?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani jibu la haraka lingekuwa dharau. Nimesoma maandishi mengi ya kusifu kompyuta kongwe, na wengi wa wanaosifu wana nyingine ya gigabaiti 16 mezani. Kwao wepesi ni nidhamu, kama mfungo wa hiari. Njaa si mfungo, ingawa tumbo ni tupu kotekote. Mtoto wa Rulenge anayejua Linux ya gigabaiti 1 peke yake, akifika ofisini Mwanza akakuta Word, hataulizwa falsafa yake.

Upande wa pili wa mto, ng'ambo ya daraja la Rusumo, swali hili limewahi kuwa sera. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasitisha msamaha wa kodi kwa nguo za Rwanda chini ya AGOA. Naielewa hasira iliyo nyuma ya uamuzi ule. Lakini shati la mtumba na kompyuta ya mtumba havifanani. Shati unalivaa kama lilivyokuja. Kompyuta inaweza kubadilishwa ndani, mradi leseni ikuruhusu kuifungua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tukatae zote. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walimu na wanafunzi waliketi wakaamua "file" tuliite nini. Hawakuhitaji kuomba kibali cha mtu, kwa sababu programu ilikuwa huria. Yule anayepiga Windows ya kuiba anabaki mgeni ndani ya mashine yake mwenyewe: anaitumia kwa kificho na hajui kilichomo. Mwenye Linux, hata ya gigabaiti 1, ana haki ya kuuliza kila mchakato unafanya nini humo na kuuzima. Sioni namna ya kumfundisha mtoto kompyuta bila haki hiyo.

Hata hivyo Frankfurt hakunisaidia kujua nani anayepima. Mfadhili anapima kwa kilichobaki ghalani. Halmashauri inapima kwa bajeti. Fundi, binamu yangu akiwemo, anapima kwa fahari ya kuifufua mashine.

Nilimwambia mwalimu apime yeye. Alikaa siku mbili na daftari, akiandika kila kazi ya darasa na jinsi mashine ilivyoimudu. Shule ilizipokea zote kumi na mbili. Barua yake kwa mkuu wa shule ilikuwa na jedwali: kuandika na kujumlisha, gigabaiti 1, kusoma Kiwix, gigabaiti 1, kujifunza intaneti, gigabaiti 4, na chini yake, kwa wino mwekundu, "hizi bado tunazidai".